Ramadhani Niliyofunga Bila Tumbo

Mwaka ule sukari iliadimika mpaka watu wakawa wanaiulizia kama wanavyoulizia hali ya mgonjwa: imeonekana wapi, nani kaiona, wanasemaje. Chai tuliitia chumvi, na uji vilevile. Naanza na sukari kwa sababu bila hiyo hutaelewa kilichonipata, wala kwa nini hakikunipata mapema.

Nilikuwa fundi cherehani. Mashine yangu ilikaa kwenye baraza la duka la vitambaa la Mhindi mmoja, mtaa wa Mchafukoge, na mwenyewe nilikaa Kariakoo, katika nyumba tuliyoachiwa na baba, mimi na kaka yangu. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Upande wa kulia alikaa kaka na familia yake, upande wa kushoto mimi na mke wangu. Kaka alinizidi miaka kumi na minne. Baba alipofariki nilikuwa bado nasoma, kwa hiyo kaka ndiye aliyenilea, aliyenitafutia mashine, aliyenioza. Kwake nilibaki mtoto hata nilipoota mvi, na nakiri kwamba nilipenda iwe hivyo. Ukiwa na kaka kama yule hulazimiki kufikiri sana.

Ugonjwa wangu ulianza kwa kushiba upesi. Tulikuwa tunakula sinia moja, mimi na kaka na yeyote aliyetukuta mezani, na matonge matatu yakawa yananitosha. Baadaye hata hayo matatu yakawa yanarudi. Suruali zangu nilijishonea mwenyewe, kwa hiyo nilijua vizuri kuliko mtu yeyote nilivyokuwa napungua. Nilizipunguza kiuno mara ya kwanza, nikazipunguza mara ya pili, na mara ya tatu mifuko ya nyuma ikakaribia kugusana. Hapo kaka akasema inatosha, akanipeleka hospitali kubwa.

Walinipiga picha, wakanilaza, na siku chache baadaye wakanipasua. Fomu ya kukubali kupasuliwa alitia sahihi kaka. Mimi nilikuwa dhaifu, lakini mkono nilikuwa nao na kusoma nilijua. Karatasi ilimfuata yeye moja kwa moja, na wala sikuona ajabu.

Nilipozinduka nilikuwa na mpira puani na mshono kutoka chini ya kifua hadi kitovuni. Siku mbili tatu baadaye daktari alimwita kaka nje. Mlango wa wodi ulikuwa na kioo, nikawaona. Daktari, kijana aliyekuwa amerudi karibuni kutoka masomoni, alikuwa anaeleza huku akichora hewani kwa kidole. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa, anaitikia tu. Aliporudi alikaa kitandani kwangu akanishika mguu.

"Ni kidonda," akasema. "Wamekitoa. Umepona, mdogo wangu. Ila wanataka ule kidogo kidogo."

Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru na yeye. Siku ya kuruhusiwa muuguzi alitoa kadi ya kliniki. Kaka akaipokea, akaitia kwenye mfuko wa shati lake. Shati lile nilimshonea mimi, na mfuko niliutia kifuniko na kifungo kwa sababu yeye hakupenda vitu vyake vianguke. Nilipomuuliza siku za mbele akasema kliniki ni ya kutazama mshono tu, na mshono umeshapona, tusiwasumbue watu. Kadi sikuiona tena.

Nilikaa nyumbani miezi kadhaa. Mke wangu alinipikia uji mwepesi wa chumvi, mchuzi wa samaki, wali kidogo uliolainishwa, na kwa kuwa nilikula kidogo kila mara, nilianza kupata nguvu. Nikarudi kwenye mashine. Wateja walinipa pole, wakanipa na kazi. Kwa kweli nilijiona mzima.

Kisha Ramadhani ikakaribia, na kama ilivyokuwa desturi ya miaka ile, sukari ikatoka. Mke wangu alisimama foleni kwenye duka la ushirika tangu asubuhi hadi adhuhuri, jua la utosi, akarudi na mfuko wake mdogo ameukumbatia kifuani. Alisema hiyo ni ya futari yangu, mtu aliyetoka kupasuliwa anahitaji kitu cha kumrudishia damu. Nilitaka kujua kama nifunge au nisifunge, na kama kawaida yangu nikamwendea kaka.

"Unajisikiaje?" akaniuliza.

"Vizuri, kaka."

"Basi funga," akasema.

Magharibi ya kwanza tulifuturu barazani kwetu, wanaume nje, wanawake uani. Adhana ilipotoka nilikula tende tatu, nikanywa bakuli zima la uji wa mchele wa nazi, mzito, mtamu. Baada ya miezi yote ile ya chumvi, utamu ule ulitaka kunitoa machozi. Kisha tukasimama kuswali kwanza ili tuje tule vizuri. Kaka, kama mkubwa wa nyumba, alitangulia mbele, nasi tukapanga safu nyuma yake, mimi na majirani wanne watano.

Tulikuwa rakaa ya pili moyo ulipoanza kunienda mbio. Jasho likanitoka mpaka kanzu ikanata mgongoni, tumbo likanguruma hata wa pembeni yangu akasikia, macho yakaingia kiza. Nikaanguka pale pale kwenye mkeka. Ninachokumbuka ni sauti ya kaka ikiendelea kusoma. Kishindo alikisikia, kila mtu alikisikia, naye akaisoma sura yake mpaka mwisho bila kutetereka. Wakati ule nilimwonea fahari. Nilisema moyoni, hiyo ndiyo imani.

Walinilaza, wakanipepea. Baada ya muda nikainuka nikakimbilia chooni, na choo chetu kilikuwa uani kule kule walikokaa wanawake wakifuturu. Sihitaji kueleza zaidi. Saa moja baadaye nilikuwa mzima, nimechoka tu kama mtu aliyebeba magunia. Siku ya pili ikawa vilevile: tende, uji, safu, kuanguka. Siku ya tatu vilevile. Siku ya nne nilidhani ni njaa, nikajilazimisha kunywa mabakuli mawili, na siku hiyo nilidhani nakufa.

Kariakoo haina siri. Nyumba zimebanana, na jambo likitokea barazani kwako leo, kesho unalisikia sokoni likiwa limeongezwa chumvi. Mchana kutwa nilikuwa nafunga bila shida, nashona, natembea kwa miguu hadi Mchafukoge na kurudi. Nikigusa futari tu, naanguka, tena ndani ya sala. Watu wakaanza kulipa jambo hilo maana. Jirani yetu mmoja muuza mkaa, ambaye kwa maoni yake mwenyewe aliijua dini kuliko mtaa mzima, ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kuniambia. Alisema kwa upole, mbele ya kaka, kwamba saumu yangu inarudishwa. Yuko mtu nimemkosea, na mpaka anipe radhi, mfungo wangu hautapokelewa. Akanishauri nijitazame.

Nilimgeukia kaka. Nilitaka aseme kwamba huo ni upuuzi, au aseme kwamba mimi ni mgonjwa. Alikuwa anakung'uta mkeka. Akasema kujitazama hakumdhuru mtu.

Basi nikaanza kuzunguka kuomba radhi. Leo naweza kulicheka jambo hili kidogo, si sana. Mtu mzima, fundi mwenye wateja wake, nilikaa nikajipekua dhambi moja moja kama mtu anayetafuta chawa.

Nilianza na Mhindi mwenye duka. Zamani tulimwita tajiri, kisha likaja Azimio na neno hilo likawa na kesi ndani yake, nikawa namwita ndugu tajiri, naye akawa anacheka. Nilimwambia kwamba kwa miaka yote vipande vilivyobaki kwenye vitambaa vyake nilivichukua nikawashonea watoto wa kaka kaptura. Akasema anajua, mtaa mzima watoto wale ndio waliokuwa wanavaa vitambaa vya duka lake. Kisha akaniuliza kimenisibu nini mpaka nije na maneno haya. Nilipomsimulia aliacha kucheka. Akasema kwao mama yake hufunga, lakini mwaka aliopasuliwa walimkataza, mgonjwa hafungi. Akaniuliza kama nimemuuliza daktari. Nilimjibu kwa mkato kwamba mambo yetu hayajui. Ile jeuri niliyomjibu nayo, ndiyo ningepaswa kuiombea radhi.

Wa pili alikuwa mwanamke mmoja wa mtaa wa Gerezani, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Kabla sijaoa nilimwahidi ndoa, kisha kaka akanichagulia mwingine nami nikanyamaza bila hata kumuaga. Nilimkuta anaanika nguo. Alinisikiliza, akabana kibanio cha mwisho kwenye kamba, akasema jambo lile alikuwa amekwisha kulisahau, na sasa nimekuja mpaka mlangoni kwake kulifufua. Mumewe alikuwa ndani. Sauti zao zilinifuata mpaka barabarani.

Na kwa kuwa nilishajua habari ile itafika Kariakoo kabla yangu, nikarudi nikamwambia mke wangu mwenyewe. Yeye alikuwa hajui kabisa kwamba kabla yake alikuwapo mwingine aliyeahidiwa. Hakugomba. Aliuliza swali moja tu, kama kaka asingeingilia kati ningemwoa nani, nami nikachelewa kujibu. Jioni ile alinipa uji wenye sukari kama kawaida, lakini hakukaa kunitazama ninywe. Nikaanguka tena.

Nikabaki na kaka. Kwake nilikuwa na jambo moja lililonila miaka. Mtaa ulipochagua balozi wa nyumba kumi, kaka aligombea, na aliitaka nafasi ile sana. Mimi nilimpigia kura mwenzake. Sijui kwa nini. Labda nilitaka kwa siku moja tu kuona ulimwengu ambao kaka si mkubwa. Alishindwa, nami nikakaa naye barazani nikiwalaani wote waliomsaliti.

Nilikwenda chumbani kwake baada ya alasiri, nikapiga magoti sakafuni. Nikamweleza yote. Nililia, tena kwa sauti, na sikuona haya. Nilimwambia kwamba wengine wote nimeshawaomba radhi, amebaki yeye, na kama si yeye basi sijui tena nimemkosea nani isipokuwa Mungu mwenyewe. Kaka alinitazama, akautazama ukuta, akafumbua mdomo, akaufumba. Kisha akaniwekea mkono kichwani.

"Nimekusamehe," akasema. "Duniani na akhera."

Nilitoka mle chumbani mwepesi kama mtoto. Magharibi ilipofika nilikula tende zangu bila woga wowote. Tulipofika rakaa ya pili nikaanguka.

Hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote maishani mwangu, na nimeziona mbaya kadhaa. Kama umeshawaomba radhi watu wote na bado unatupwa chini, basi anayekukataa ni yule ambaye huwezi kumfuata nyumbani kwake. Nililala pale nimeelekeza uso ukutani nikisikia masinia yakipita, na nikakubali kwamba mimi ni mtu aliyekataliwa. Sikuwahi kuwaza hivyo hata nilipokuwa naumwa.

Asubuhi yake sikwenda kazini. Yale maneno ya Mhindi niliyoyabeza yalikuwa yamebaki kichwani, nami sikuwa na pengine pa kwenda. Nilikwenda hospitali bila kadi, bila kumwambia mtu. Nilikaa benchi mpaka karibu adhuhuri. Faili lilipopatikana na daktari akaniona mlangoni, aliinuka kwenye kiti. Ni yule yule kijana. Aliniuliza nilikuwa wapi muda wote ule, akaniambia wametuma ujumbe kazini kwa kaka mara mbili.

Nilimweleza habari ya futari. Aliweka kalamu chini.

"Mzee," akasema, ingawa sikumzidi sana, "wewe huna mfuko wa chakula. Tuliutoa wote. Kaka yako hakukwambia?"

Akachukua karatasi akanichorea. Ilikuwa kansa, akasema, na haikuacha sehemu ya kuokoa. Waliukata mfuko wote, wakafunga pale ulipokuwa unaungana na utumbo. Kisha wakaukata utumbo mwembamba mbele kidogo, ncha ya chini wakaivuta juu wakaishona kwenye umio, na ile ncha ya juu, inayoleta nyongo, wakaipachika ubavuni mwa utumbo huo huo, chini zaidi, kama unavyopachika mkono wa shati kwenye mwili wa shati. Mfano huo niliutoa mimi, naye akasema ndiyo hasa. Kwa hiyo chakula hakina tena mahali pa kungoja. Kinaanguka moja kwa moja, na kikiwa kitamu na cha majimaji na kingi, mwili unashtuka: moyo mbio, jasho, kiza. Tende na uji wa sukari, juu ya siku nzima bila kula. Akasema hata angeombwa kubuni chakula cha kuniangusha, asingebuni kingine.

Niliutazama ule mchoro kwa jicho la fundi na nakiri kwamba ilikuwa kazi safi. Nilikuwa nimetembea na mshono wa namna ile ndani yangu miezi yote bila kujua ni vazi gani nimeshonewa.

Akaendelea. Nilipaswa kula mara sita kwa siku, vikavu kabla ya vinywaji, sukari kidogo sana, kuchomwa sindano ya vitamini kila mwezi maisha yangu yote, na kutofunga kabisa. Haya yote alimweleza kaka pale mlangoni. Siku ile pia alimwambia kwamba huenda nisimalize mwaka. Lakini vile vipande walivyovipeleka kupimwa vilirudi na majibu mazuri: ugonjwa haukuwa umetoka nje ya mfuko. Habari hiyo ilikuwa inatungoja kliniki tangu mwezi wa kwanza baada ya kupasuliwa.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mimi. Tumbo lilikuwa langu. Aliona haya. Akasema ndivyo walivyozoea, ndugu huambiwa kwanza, naye ndugu ndiye anayejua namna ya kumwambia mgonjwa. Huyo naye sikumwachia bure, lakini angalau aliona haya.

Nilifika nyumbani kaka akiwa amekaa barazani anangoja jua lizame. Nikamwekea ile karatasi mapajani. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa ukumbi, maana nilipita kwake kwanza na alishajua. Kaka aliutazama mchoro, akaukunja vizuri, akataka kuutia mfukoni. Nikamnyang'anya.

"Daktari aliniambia hutamaliza mwaka," akasema. "Nikaona ukijua utakufa kabla ya siku zako. Na nilitaka ufe ukiwa umefunga."

Nadhani alisema kweli. Nadhani kila alipokuwa mbele yetu akisoma, na mimi naanguka nyuma yake, aliamini ananisindikiza peponi. Sitamnyima hilo. Lakini mke wangu aliyekuwa hajaniangalia usoni kwa siku nyingi ndiye aliyejibu, na alimjibu mkubwa wa nyumba bila kumwita shemeji.

"Mimi nimesimama kwenye jua kutafuta ile sukari," akasema. "Ulikuwa unaniona."

Adhana ilikuwa karibu, majirani wakaanza kuja na vibao vyao vya kukalia na masinia. Nikaingia ndani, nikala kiazi cha kuchemsha, polepole, mbele ya mke wangu, na sikuanguka.

Hatukuhama. Watu wakigombana kwenye nyumba ya urithi wanagombana wakiwa wamekaa. Kwa majirani nilizunguka tena, mlango kwa mlango, safari hii kuwaeleza kwamba sikuwa na laana bali sikuwa na tumbo, na wengine walionekana kusikitika kwamba habari imepungua utamu. Gerezani sikurudi. Nilisikia yule bwana wa reli alihamishiwa bara na mkewe hakufuatana naye, na sijui kama ni kwa sababu yangu. Mke wangu alichukua muda mrefu kunizoea tena. Kila mwezi nilichomwa sindano yangu, na kila mwaka nililisha maskini badala ya kufunga. Ule mwaka ambao nisingeumaliza ukapita, ukapita na mwingine, soko jipya likajengwa likafunguliwa, na mimi nipo.

Kaka na mimi tuliamkiana kila asubuhi. Nilimpa shikamoo yake, akaniitikia marahaba. Kuficha ugonjwa niliweza kukumeza, pole pole, kama ninavyomeza kila kitu. Kilichogoma kushuka ni siku ile chumbani. Nilimpigia magoti mtu aliyekuwa anajua kwamba sina kosa linaloniangusha, naye akaniwekea mkono kichwani akanisamehe. Nilingoja miaka aniombe radhi kwa hilo moja tu. Hakuniomba. Sidhani hata alijua kwamba nangoja.

Alifariki ghafla, kwa moyo, akiwa anavaa viatu. Jeneza lilipowekwa mbele ya watu kabla ya sala, ilibidi ndugu wa karibu asimame awaombee waliohudhuria wamwachie marehemu, kama ilivyo ada yetu. Ndugu wa karibu nilikuwa mimi. Nikasimama, nikasema kwamba marehemu alikuwa binadamu, aliishi nao, na mwenye jambo lolote moyoni juu yake namwomba amsamehe, duniani na akhera. Watu wakaitikia kwa sauti moja kwamba wamemsamehe. Muuza mkaa alikuwa safu ya mbele, akaitikia kwa nguvu kuliko wote. Mimi ndiye niliyeomba, kwa hiyo hakuna aliyetazama kama na mimi nimeitikia.